Unataka kuunda vitu vya gemu? Usichague programu kwa jina lake

UKICHEZA gemu yoyote ya video, hebu tulia kidogo uangalie kilicho nyuma ya huyo adui unayemfyatulia risasi. Kuna pipa, mlango, kiti kilichovunjika, taa ya barabarani, labda sufuria juu ya meza. Hakuna hata kimoja kilichojileta. Kila kimoja kina mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akakichonga, akakipaka rangi na, mambo yakimwendea vizuri, akalipwa.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Shida ni kwamba vijana wengi wanaoitamani kazi hii hukwama kabla hawajachonga hata kikombe. Wanakwama kwenye swali moja: nitumie programu gani? Wanatazama video kumi za YouTube, wanapakua programu nne, bando linakatika, na wiki ya tatu bado wako kwenye kikundi cha WhatsApp wakibishana kama Maya ni kali kuliko Blender.

Programu inayokufaa ni ile inayofunguka kwenye mashine yako bila kuganda, inayokuruhusu kuuza unachotengeneza, na inayotoa faili ambayo injini ya gemu itaisoma. Ikishindwa moja kati ya hayo matatu, haijalishi inatumiwa na nani Hollywood.

Chukua mfano wa jiko la makaa, lile la bati lenye kiuno chembamba na udongo ndani. Ukitaka kuliingiza kwenye gemu, utapitia hatua nne. Kwanza unaunda umbo: unaanza na silinda, unaibana katikati, unakata mlango wa jivu, unaweka vishikio. Pili unapunguza uzito wake. Gemu huchora kila kitu kwa pembetatu ndogondogo, na jiko lenye pembetatu laki moja litaifanya simu ya bei nafuu ipumue kwa shida. Tatu unalikunjua umbo liwe bapa, kama fundi wa nguo anavyochora vipande vya shati kwenye kitambaa, halafu unalivisha rangi, kutu na masizi. Nne unalitoa kama faili na kulipeleka kwenye injini kama Unity, Unreal au Godot.

Programu ya kuchagua ni ile inayokufikisha hatua zote nne. Hapo ndipo SketchUp huwaangusha wengi. Wasanifu wa majengo wanaipenda, na ni rahisi kujifunza. Lakini haikupi udhibiti mzuri wa pembetatu wala wa kulikunjua umbo, na toleo lake la bure la mtandaoni ni la matumizi yako binafsi, si la biashara. Programu za uhandisi nazo zitakupa jiko ambalo kiwanda kinaweza kulitengeneza kweli, ila ukilitoa kwa ajili ya gemu, pembetatu hujipanga zinavyotaka zenyewe.

Sasa tuongee pesa. Maya na 3ds Max, zote za kampuni ya Autodesk, ni programu nzito zinazoheshimika kwenye studio kubwa. Huwezi kuzinunua mara moja ukamaliza. Unalipia muda wa kutumia. Kwa mwaka mzima, bei ya Maya nchini Marekani imekuwa ikipita dola 1,800. Kwa hela zetu hiyo ni zaidi ya Sh200,000. Kuna leseni ya bure ya wanafunzi na walimu, inayotolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na ni nzuri kwa kujifunza. Lakini soma masharti: kazi uliyoifanya kwa leseni hiyo huruhusiwi kuiuza.

Hapo ndipo anatokea yule jamaa wa mtaani mwenye flashi. Anakuambia, "Leta Sh500 nikuwekee Maya full." Usimpe. Programu iliyovunjwa kufuli inaweza kuja na virusi vitakavyokula faili zako zote, na huo ndio mtaji wako. Hata ikikubali kufanya kazi, unajenga jina lako juu ya kitu kisicho chako. Siku mteja wa maana atakapouliza umetumia leseni gani, utaanza kumung'unya maneno.

Ndiyo maana kwa kijana anayeanza, jibu mara nyingi huwa Blender. Ni ya bure kabisa, kuanzia siku ya kwanza hadi siku utakayotajirika. Iliyokuwa kampuni yake ilipofungwa mwaka wa 2002, mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, aliomba watu wachange euro 100,000 ili iachiliwe iwe programu huria. Pesa zilipatikana kwa wiki saba tu. Unachokichonga humo ni chako, na unaweza kukiuza bila kumwomba mtu ruhusa. Na usidanganywe kwamba ni ya watoto. Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyoshinda Oscar mwaka wa 2025, ilitengenezwa kwa Blender.

Je, laptopu yako itaiweza? Matoleo ya sasa ya Blender yanataka RAM isiyopungua gigabaiti 8. Kama una mtumba wa gigabaiti 4, usikate tamaa. Kuna njia mbili. Tovuti ya Blender bado inahifadhi matoleo ya zamani, likiwemo 2.79 la mwaka wa 2017, ambalo ni jepesi zaidi. Angalia tu kwamba toleo la 2.8 la mwaka wa 2019 lilibadilisha sana mpangilio wa vitufe na menyu, kwa hivyo tafuta video za mafunzo zinazolingana na toleo lako, la sivyo utamtafutia mwalimu kitufe ambacho kwako hakipo. Njia ya pili ni Blockbench. Ni ya bure, inafunguka hata kwenye kivinjari, na imetengenezwa mahsusi kwa vitu vyenye pembetatu chache, kama vya Minecraft.

Una simu tu? Nomad Sculpt hufanya kazi kwenye Android, na inalipiwa mara moja. Ni kama kufinyanga udongo kwa kidole. Kumbuka tu kwamba ufinyanzi huzaa pembetatu nyingi mno, kwa hivyo lazima uzipunguze kabla jiko halijaingia kwenye gemu.

Ukishachagua, kabla hujamaliza wiki ya kwanza, fanya jaribio moja. Tengeneza sanduku tupu na ulipeleke kwenye injini. Usisubiri hadi jiko likamilike. Unity huhesabu kizio kimoja kama mita moja, Unreal hukihesabu kama sentimita moja. Blender huuita mhimili wa juu Z, Unity huuita Y. Ukikosea hapo, jiko lako litatokea kubwa kama kioski au limelala ubavu. Jifunze kutoa faili za FBX na glTF, kwa sababu hizo ndizo injini nyingi huzielewa.

Na kama ndoto yako ni studio kubwa inayotumia Maya? Sawa. Ukiajiriwa huko, leseni ni mzigo wa mwajiri, si wako. Kuvuta uso wa umbo, kulainisha kingo, kulikunjua na kulivisha rangi ni ujuzi uleule popote uendapo. Vitufe ndivyo vinavyobadilika, na vitufe hujifunzwa kwa wiki chache.

Kwa hivyo fanya hivi. Nunua kipanya chenye gurudumu, maana Blender bila gurudumu ni mateso. Chagua programu moja na ukae nayo miezi mitatu bila kuhama. Katika muda huo maliza vitu vitatu, hatua zote nne: jiko, mtungi wa maji wa lita 20, na kiti cha plastiki cha kibandani. Mapipa ya Kizungu na masanduku ya mbao yamejaa tele kwenye maduka ya mtandaoni kama Fab na Unity Asset Store. Lakini mtu akitaka kujenga mtaa wa Nairobi ndani ya gemu, kama walivyofanya vijana wa Black Division Games waliotoa Nairobi X mwaka wa 2015, vitu hivyo vitatu atavihitaji. Na wewe unavijua bila kutazama picha. Vimejaa pale nje ya mlango wenu.