MASHINE YA KIKUNDI: YA PAMOJA AU KILA KAZI NA YAKE?



Kuna swali ambalo vikundi vya Thika na Ruiru hujiuliza akiba ikishafika kiasi fulani. Tunataka mashine ya karatasi, ikae nyumbani kwa katibu. Je, tununue ile ya pamoja, inayochapa, kuskani na kutoa kopi, ama tununue printa peke yake na skana peke yake?

Pesa yenyewe ni ya michango. Imetoka kwa maziwa, kuku na sukuma wiki za watu. Mashine ikikaa sebuleni kwa katibu bila kufanya kazi, wanachama wataanza kunong'ona, na manung'uniko kama hayo yanaweza kuvunja kikundi. Kwa hivyo tulitazame jambo hili polepole.

KARATASI ZENU NI ZIPI?

Anzeni na kazi, msianze na duka. Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Mkienda kusajiliwa mtaulizwa katiba, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama. Mkiomba mkopo mtaulizwa kopi za cheti na za vitambulisho. Halafu kuna fomu za basari za watoto, na kila fomu inataka viambatisho vyake.

Mkihesabu vizuri, mtaona kazi nyingi ni kopi. Kuchapa barua au katiba mpya ni mara chache. Kuskani ni chache zaidi, kwa mfano wakati karatasi inatakiwa kutumwa kwa simu au kuwekwa kwenye eCitizen.

KOPI INATOKAJE?

Hapa ndipo penye siri. Kopi moja ni kazi mbili: kwanza skana inapiga picha ya karatasi, halafu printa inaichapa picha hiyo. Mashine ya pamoja inafanya yote mawili ndani yake. Unaweka kitambulisho juu ya kioo, unafunga kifuniko, unabonyeza kitufe, basi. Kompyuta haihitajiki.

Mkiwa na skana mbali na printa mbali, picha inatoka kwa skana, inaingia kwenye kompyuta, ndipo iende kwa printa. Kama hamna kompyuta, au mwenye kuijua amesafiri, mtabaki na vifaa viwili visivyoweza kusaidiana. Kwa kikundi ambacho kazi yake kubwa ni kopi, ya pamoja inafaa zaidi.

UDHAIFU WA MASHINE YA PAMOJA

Lakini msikimbilie. Ya pamoja ikiharibika upande mmoja, yote inabebwa kwa fundi, na kazi zote tatu zinasimama. Pia kuna zile ambazo wino ukiisha zinakataa hata kuskani, ingawa kuskani hakutumii wino. Mwaka 2021 mnunuzi mmoja huko Marekani alishtaki kampuni ya Canon U.S.A. mahakamani akilalamikia jambo hilo hilo. Kwa hivyo mwulizeni muuzaji kabla ya kulipa: wino ukiisha, hii itaendelea kuskani?

Je, skana ya peke yake ina faida gani? Inawafaa wenye rundo kubwa la karatasi au picha nyingi za zamani. Kwa karatasi za kawaida za kikundi, simu ya Android yenye Google Drive inaweza kupiga picha ya karatasi na kuihifadhi kama faili ya PDF, bila malipo ya ziada isipokuwa bando. Kwa hiyo wengi wenu hamchagui kati ya mashine moja na mashine mbili. Mnachagua kati ya mashine ya pamoja, na printa ya kawaida pamoja na simu ambayo tayari mnayo. Hii ya pili inawafaa wanaochapa sana na kutoa kopi kidogo, kama kikundi cha vijana wanaochapia wanafunzi kazi zao.

WINO WA MAJI AMA WA UNGA?

Mashine ya wino wa maji inatoa rangi, na zile za matangi ya kujazwa kwa chupa zina gharama ndogo kwa kila ukurasa. Adui yake ni kukaa bure. Isipotumiwa kwa wiki nyingi, wino hukauka kwenye matundu madogo na kuyaziba. Chapeni ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki, hata kama hamna kazi.

Mashine ya wino wa unga, yaani leza, haina shida ya kukauka. Inaweza kukaa mwezi mzima na bado ichape. Hata hivyo inayeyusha ule unga kwa joto kali, kwa hiyo inavuta stima nyingi kwa ghafla. Msiiunganishe na sola ndogo ya nyumbani. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi na hakihitaji rangi, leza ya pamoja ya rangi nyeusi inakitosha.

PIGENI HESABU KWANZA

Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni shilingi 28,000, kopi mjini ni shilingi 10, na nyumbani karatasi na wino ni shilingi 3. Kila ukurasa unaokoa shilingi 7. Gawanyeni 28,000 kwa 7, mnapata kurasa 4,000. Kikundi kinachotumia kurasa 400 kwa mwezi kitarudisha pesa yake kwa miezi 10. Kinachotumia kurasa 100 kitangoja miezi 40, zaidi ya miaka mitatu, na huenda mashine isifike huko.

Anayetoka Kilimambogo kuja Thika mjini, ama Mugutha kwenda Ruiru, aongeze nauli ya matatu kwenye hesabu yake. Mwenye saiba karibu na nyumbani huenda akaona heri pesa zile ziende kwa kuku. Hilo nalo ni jibu zuri, si aibu.

Ulizeni pia bei ya wino kabla ya bei ya mashine. Mashine ya bei ya chini yenye wino wa bei ya juu itawamaliza polepole. Tena ulizeni kama fundi wa hapa karibu anaifahamu. Ikiwa kila hitilafu itapelekwa Luthuli Avenue, Nairobi, hiyo nauli ni sehemu ya bei.

IKISHAFIKA NYUMBANI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila ukurasa: tarehe, nani, ngapi, amelipa au hajalipa. Wekeni kando pesa ya wino mara tu mnapolipwa. Funikeni mashine kwa kitambaa ikishapoa, maana chembe ya vumbi kwenye kioo inaweza kuacha alama kwenye kila kopi. Stima ikipotea, chomoeni waya hadi irudi na kutulia. Na kopi ya kitambulisho cha mtu iliyoharibika msiifungie maandazi, ichaneni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu, na jirani angependa zake zilindwe.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

1. Mwezi uliopita tulitoa kopi ngapi, tukachapa ngapi, tukaskani ngapi?
2. Nani mwingine, mbali na katibu, atafundishwa kutumia mashine?
3. Katibu akihama au akiacha kazi, mashine itakaa wapi?

Swali la tatu ndilo husahaulika. Lijibuni, mliandike kwenye kumbukumbu za mkutano, ndipo mwende dukani. Nendeni watu wawili au watatu, na risiti iandikwe jina la kikundi.