Wenye Matamasha na Wenye Vibanda, Meza Moja

Pamba ikishauzwa, usiku wa Mwamapalala huchangamka. Kata hii ya Wilaya ya Itilima, ambayo kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Bariadi, haina ukumbi wa sinema. Lakini picha zinatazamwa, kama zinavyotazamwa katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa: ndani ya kibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, macho yote yakiwa kwenye televisheni iliyowekwa juu ili hata wa nyuma waone. Jioni ni mpira wa Ulaya. Mpira ukiisha huwekwa picha ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, na sauti ya mtafsiri inaimeza sauti ya stelingi.

Mwenye kibanda ni mfanyabiashara wa sinema kamili. Anachagua cha kuonesha, anapanga kiingilio, anajua ni picha gani itajaza watu na ipi itamwachia mabenchi matupu. Anajua pia kwamba umeme ukikatika stelingi akiwa bado hajalipiza kisasi, kuna watakaodai pesa yao. Asichonacho ni wenzake wa kuzungumza nao. Mikutano ya watu wa filamu nchini huitishwa kwa ajili ya waigizaji, waongozaji na watayarishaji. Anayekaa mlangoni na kupokea kiingilio hahesabiwi kuwa mmoja wao.

Kwingineko wenye kumbi ndogo wamejifunza kukutana. Ulaya kuna mtandao wa Europa Cinemas, ulioanzishwa mwaka 1992, unaozisaidia kumbi zinazoonesha filamu za nchi nyingine za bara hilo. Uingereza, tangu mwaka 2003, kuna Independent Cinema Office, taasisi inayoandaa siku maalumu ambazo wenye kumbi huru na waandaaji wa matamasha hutazama pamoja filamu ambazo bado hazijatoka. Wanaoitwa huru hapa ni wale wasiomilikiwa na makampuni makubwa yenye kumbi kila mji. Wakati wa chai ndipo kazi yenyewe inapofanyika: nani ana projekta ya akiba, nani anamleta mwongozaji kutoka mbali ili wengine wachangie nauli, filamu gani ilidoda wapi na kwa nini. Afrika Magharibi nako, mwaka 2001, Cinéma Numérique Ambulant ilianza kuzungusha turubai, projekta na jenereta katika vijiji vya Benin, kisha ikavuka kwenda nchi jirani.

Ushirikiano wa aina hiyo si mgeni Afrika Mashariki. Hassanali Adamali Jariwalla wa Zanzibar aliingia katika biashara ya picha zama za filamu bubu, na familia yake ikawa miongoni mwa waonyeshaji na wasambazaji wakubwa wa eneo hili. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kina jinsi wenye sinema wa Tanzania walivyoijenga biashara hiyo. Nakala za filamu zilikuwa ghali na chache, kwa hiyo zilipaswa kusafiri. Picha kama Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951, haikuwa na nakala kwa kila mji. Ikimaliza zamu yake hapa, makopo yalifungwa na kupelekwa kule. Unguja palikuwa na Majestic pale Vuga, Dar es Salaam na Avalon, Empire, Odeon na Empress, na Mwanza, jiji ambalo watu wa Bariadi hulikimbilia kwa mahitaji makubwa, palikuwa na Liberty na Tivoli. Mwenye ukumbi aliyechelewesha makopo alimharibia mwenzake Jumapili nzima. Mtandao huo haukuwa na katiba wala nembo. Ulisimama kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwingine.

Ulivunjikaje? Sababu ni nyingi na wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa kila moja. Serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na baadaye usambazaji ukawekwa mikononi mwake. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya nazo zikaadimika. Miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video, na mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata televisheni, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, majengo yakageuzwa maghala, makanisa na maduka. Hata uwanja wa sinema ya magari wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1966, ulikufa, na leo pale umesimama Ubalozi wa Marekani. Kumbi za kisasa zilizobaki ziko ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City, mbali kabisa na mkulima wa pamba.

Filamu za Kitanzania zenyewe zilikua bila ukumbi. Wimbi la Bongo Movie lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilitoka studio likaenda moja kwa moja Kariakoo, likachapwa kwenye kanda na diski, likapakiwa kwenye mabasi. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga aliyezaliwa mwaka 1984 wakati Bariadi nayo ikiwa ndani ya mkoa huo, alijulikana kila kijiji kwa njia hiyo. Alipofariki Aprili 2012, maelfu walifurika Dar es Salaam kumzika. Wengi wa waliomlilia mikoani walikuwa wamemwona kwenye sebule za majirani na kwenye vibanda.

Vibanda vilileta kitu ambacho kumbi za zamani hazikuwa nacho: mtafsiri. Kapteni Derek Mukandala, aliyevuma kwa jina la Lufufu, aliingiza sauti yake juu ya filamu za kigeni, akazisimulia kwa Kiswahili chenye mizaha, majina ya mitaa na vijembe, na kanda zake zikasambaa nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Uganda, ambako kazi hiyo ilishamiri mapema, wanamwita VJ. Wasomi wa sinema huweza kukunja uso, na mwongozaji ambaye filamu yake imesimuliwa upya bila ruhusa ana haki ya kukasirika. Hata hivyo ni vigumu kukanusha kwamba watu hawa wamefanya kazi kubwa zaidi ya kuwafikisha watazamaji kwenye filamu kuliko taasisi nyingi zenye ofisi.

Kampala waliliona hilo. Tamasha la Amakula, lililoanza mwaka 2004, liliwapandisha VJ jukwaani washindane, kila mmoja akisimulia mbele ya hadhira. Kule Wakaliga, kitongoji cha mji huohuo, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010. Nakala iliyoizunguka dunia kwenye mtandao ina sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho, na watazamaji wa Ulaya na Marekani walimpenda yeye kama walivyopenda mapigano.

Matamasha ya eneo hili kila moja lina la kumfundisha mwenzake, na hapo ndipo wazo la siku ya wenye matamasha na wenye vibanda kukutana linapopata maana. Zanzibar kuna ZIFF, tamasha lililoundwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, lenye kitovu chake Ngome Kongwe, Forodhani. Watalii wanaijua ngome. Wasichokiona sana ni ule utaratibu wa kupeleka picha mashamba, Unguja na Pemba, ambako turubai lilifungwa na kijiji kizima kikakaa chini kutazama. Rwanda, Eric Kabera na wenzake walianzisha tamasha lao mwaka 2005 na kulipa sehemu yake ya vijijini jina la Hillywood, kwa sababu filamu zilipandishwa vilimani zikaoneshwa kwenye turubai linalojazwa upepo. Goma, kituo cha Yole!Africa chini ya Petna Ndaliko Katondolo kilianzisha tamasha katikati ya miaka ya 2000, katika mji ambao vita haikuwa habari ya mbali. Nairobi kuna ukumbi mdogo huru uitwao Unseen, unaoonesha filamu za Kiafrika ambazo maduka makubwa hayazigusi.

Ukizitazama kwenye ramani, Goma, Kigali, Kampala na Nairobi zinalizunguka eneo la Ziwa Victoria, na Simiyu inaligusa ziwa hilo kupitia Busega. Filamu ya Kinyarwanda inayooneshwa Kigali iko karibu na Bariadi kuliko ile ya Dar es Salaam. Lakini ili imfikie mtazamaji wa Bariadi, leo itabidi izunguke kupitia Ulaya, ipate tuzo, inunuliwe na kampuni, kisha irudi kwenye simu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilizinduliwa Toronto mwaka 2021. Ni heshima kubwa kwa filamu ya Kiswahili. Na bado mtu anaweza kuuliza ni wanavijiji wangapi wanaosema Kiswahili waliopata kuiona kwenye turubai.

Televisheni imejaribu kuziba pengo. Sinema Zetu, chaneli ya Azam, ilianza tamasha lake mwaka 2018, filamu zikioneshwa hewani na watazamaji wakapiga kura wakiwa nyumbani. Kwa mwenye king'amuzi Itilima hiyo ilikuwa nafasi ya kuwa hakimu wa filamu. Ni jambo zuri, ila mtu na familia yake sebuleni si hadhira ya watu 300 wanaocheka kwa pamoja.

Wenye vibanda na wenye matamasha wakikaa meza moja, la kwanza litakuwa haki za filamu. Kibanda hupata picha kwenye flash, aghalabu bila mwenye filamu kujua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi, COSOTA inayosimamia hakimiliki ipo, na Bodi ya Filamu inadai vibali vya kuonesha. Mwenye kibanda mmoja akienda peke yake kumtafuta mtayarishaji Dar es Salaam, nauli pekee itakula faida ya mwezi. Tuseme vibanda 30 vya Simiyu, Shinyanga na Mwanza vikubaliane kuchukua filamu moja kwa mgao wa kiingilio, kila kimoja kwa usiku wake. Hapo mtayarishaji ana sababu ya kupokea simu. Akina Jariwalla walifanya hesabu hiyohiyo kwa makopo ya chuma. Sasa faili linasafiri kwa sekunde, na ugumu umebaki kwenye kuaminiana juu ya idadi ya tiketi zilizokatwa.

La pili ni lugha. Matamasha hutumia pesa nyingi kuweka maandishi chini ya picha, nayo humfaa anayesoma upesi. Bibi wa Mwamapalala anayezungumza Kisukuma zaidi ya Kiswahili hapati chochote humo. Mtafsiri wa kibanda angeweza kumsimulia papo hapo, kwa ruhusa ya mwenye filamu na kwa malipo. Wamisionari waliozungusha Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 kwa jenereta vijijini walilielewa hili zamani: waliitia sauti kwa lugha nyingi za makabila, na watu walikaa hadi mwisho.

Mkutano kama huo kwa kawaida ungefanyika kwenye hoteli ya Dar es Salaam, na posho ya siku. Kuna hoja nzuri ya kuuleta Bariadi. Viwanja vya Nyakabindi huko vilibeba maonesho ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, kwa hiyo mkoa umeshazoea kupokea umati. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 2,140,497 Simiyu, hadhira ambayo hakuna tamasha linaloitafuta.

Kisha kuna mbina. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo kanuni yake ingemfurahisha mwandaaji yeyote wa tamasha: Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya tangu enzi, hucheza kwa wakati mmoja kwenye viwanja vinavyokaribiana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana kuna wanaoleta chatu, wanaovaa vituko, wanaotunga nyimbo mpya kila mwaka. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu, akihama kiwanja kimoja kwenda kingine. Watu waliokulia katika utamaduni huo hawahitaji kufundishwa kuwa wahakiki. Turubai mbili zikifungwa kila moja upande wake wa uwanja, moja na filamu ya Kigali, nyingine na ya Dar es Salaam, kila moja na mtafsiri wake, matokeo yatajulikana bila jopo la majaji.

Ngoma hizo huchezwa kiangazi, baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. ZIFF kwa kawaida huangukia humohumo, na Rwanda nao wamewahi kufanya lao Julai. Wageni walioalikwa Unguja wangeweza kuvuka bahari na kupanda basi la Mwanza kabla ya kurudi kwao, na projekta iliyotumika Forodhani ingeweza kuwafuata ndani ya sanduku lake. Novemba haifai: mvua zimeanza, watu wako shambani wanapanda, na barabara za udongo za Itilima hazimsubiri mtu mwenye jenereta.