Fahamu: Kwa nini hedifoni za Bluetooth hubadilika sauti kwenye kompyuta

Hedifoni isiyo na waya inaweza kucheza muziki vizuri kwenye kompyuta ya mezani, kisha mkutano wa mtandaoni ukianza sauti ikawa nyembamba na isiyo wazi. Mara nyingi kifaa hakijaharibika.

Njia mbili za sauti

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. A2DP hupeleka muziki wa stereo upande mmoja tu, kutoka kompyuta hadi masikioni. HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya simu, hubeba sauti pande zote mbili, lakini kwa kawaida kwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. CD hutumia 44,100. Programu yoyote ikiwasha maikrofoni ya hedifoni, kompyuta huhamia HFP. Katika Windows 10 hedifoni moja huorodheshwa mara mbili, na ile ya stereo inaweza kunyamaza kabisa wakati huo.

Tiba ya uhakika ni kuipa programu maikrofoni nyingine, hata ya bei nafuu ya waya.

Sauti inayokatika

Sauti ikikatika-katika, hilo ni tatizo tofauti. Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, sawa na Wi-Fi nyingi, na milango ya USB 3.0 nayo huyachafua. Kipokezi cha Bluetooth kilichochomekwa nyuma ya kasha la chuma la kompyuta kisogezwe mbele kwa waya wa kurefusha.

LE Audio

Teknolojia hii ya Bluetooth, iliyotangazwa mwaka 2020, huboresha sauti ya pande mbili, mradi kompyuta na hedifoni zote ziwe zinaikubali.