Ngazi za Profesa Kando ya Kitanda

Mgonjwa wa Wabera, mjini Isiolo, akipewa rufaa hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, huenda akazungukwa na madaktari wengi, mmoja akiitwa "Profesa". Cheo hicho si cha hospitali. Ni cha chuo.

Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza 1967, hufundishia Kenyatta. Wahadhiri wake huwatibu wagonjwa humo humo. Ngazi zao kuu ni nne: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Katika fani nyingi mhadhiri hutakiwa awe na uzamivu, lakini kwa daktari bingwa shahada ya uzamili ya tiba, inayosomwa kwa miaka kadhaa baada ya ile ya kwanza ya miaka sita, hufungua mlango.

Kupanda ndiko kugumu. Kunahitaji makala katika majarida ya kitaalamu, kusimamia tasnifu za wanafunzi na kutafuta fedha za utafiti. Mpasuaji aliyekesha usiku kucha katika chumba cha upasuaji ataandika saa ngapi? Mkono hodari peke yake hauhesabiwi sana, na hilo, kusema kweli, linawapunja wengi. Baadhi ya vyuo vya Marekani vimeweka njia ya pili, ambapo ubora wa tiba na ufundishaji hupewa uzito zaidi.