Droni yaniumbua harusini Rulenge!

Wiki hii naomba nikupe kisa cha kamera ya kuruka, maana nilivyoumbuka mimi sitaki uumbuke na wewe.

Mwaka 2023 nilipata kazi ya kupiga picha za harusi Rulenge, wilayani Ngara. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikalala Nyakanazi, Biharamulo. Simu ikaniambia droni inataka programu mpya ya ndani, ile mafundi wanaita famuwea. Nikafuata masharti yote: panga nikazing'oa, betri ikajaa (isiwe chini ya nusu), bando nikanunua la kutosha. Katikati ya kazi taa zikawakawaka hovyo, kamera ikalegea shingo, mashine ikajizima na kujiwasha. Usishtuke, ndivyo inavyofanya. Anayeizima hapo kwa woga ndiye anayeiua. Hata betri za akiba nikazipachika moja moja, maana nazo zina programu zao.

Nikalala najiona injinia.

Kumbe programu mpya inaweza kufuta mipangilio yako na kurudisha ya kiwandani! Droni ikipoteza mawasiliano hupanda hadi kimo ulichoipangia, ndipo irudi ilikorushwa. Mimi nilishaipangia mita 100 kwa ajili ya vilima vya Ngara. Usiku ule ikarudi 30, nami sikuangalia. Na kimo hicho huhesabiwa kuanzia pale uliporushia, siyo ardhi iliyo chini yake. Ukirushia bondeni, mita 30 unaweza kukutana na mgomba wa mtu kilimani.

Basi bwana, msafara wa maharusi ukazunguka kilima, droni nyuma yao, mara mawasiliano yakakata. Ikapanda kidogo, ikageuka, ikaja moja kwa moja hadi kwenye mkaratusi. Paa! Mzee mzaa bibi harusi akanitazama: "Kijana, ndivyo mlivyopanga?"

Siku hizi siweki programu mpya ikiwa nina kazi kesho. Nikishaiweka, naangalia kwanza kimo cha kurudi, nasawazisha dira mbali na mabati na magari, kisha nairusha mita chache uwanjani pasipo watu, betri moja nzima. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga nacho kiwe mfukoni, hasa huku tunakopakana na Rwanda na Burundi.

Droni ilivunjika mkono mmoja na panga mbili. Malipo ya awali niliyarudisha kidogo kidogo, miezi mitatu.