Silaha katika michezo ya video: Kwa nini tarakimu pekee hazitoshi

KATIKA mtaa wa Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, si vigumu kukipata kibanda cha michezo ya video. Huwa ni chumba kimoja cha mabati chenye runinga mbili tatu, mashine za PlayStation na benchi ambalo vijana hubanana wakisubiri zamu. Malipo hutozwa kwa mechi au kwa muda. Mchezo unaotawala ni kandanda, na sababu yake inaeleweka: mechi huisha kwa dakika chache, mshindi akajulikana, na aliyeshindwa akampisha mwenzake.

Kuna michezo ya aina nyingine ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kuishi naye kwa saa nyingi. Mingi kati ya hiyo husimulia hadithi za kubuni za kisayansi: vyombo vya angani, viumbe wa sayari nyingine, na silaha ambazo mchezaji huziongezea vipuri na kuziimarisha kadiri anavyosonga mbele. Katika silaha hizo ndipo michezo mingi hufaulu au huharibika. Na hapo ndipo pesa za kijana huweza kumponyoka asijue zimekwendaje.

Mtindo uliozoeleka ni wa tarakimu. Mchezaji huanza na bastola yenye nguvu 50, kisha huokota nyingine yenye nguvu 60, halafu 75. Ile ya kwanza hutupwa. Hata hivyo, maadui nao huongezewa uhai kwa kiwango hicho hicho, hivi kwamba aliyehitaji risasi nne kumwangusha adui mwanzoni bado anahitaji risasi nne baada ya saa ishirini. Ni kama mwajiriwa aliyeongezewa mshahara siku ile ile bei ya unga ilipopanda. Ameongezewa, lakini hajapata kitu.

Dawa ya tatizo hili si kuongeza idadi ya bunduki. Kila mabadiliko ya silaha hayana budi kubadilisha namna mtu anavyopigana.

Mfano ulio wazi zaidi ni michezo mitatu ya Mass Effect, iliyotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada. Katika ule wa kwanza, uliotoka mwaka wa 2007, bunduki hazikuishiwa risasi bali zilipata joto na kuzimika kwa muda. Wazo hilo lilikuwa zuri sana. Kwa bahati mbaya, silaha na vipuri vilivyookotwa vilikuwa vingi mno, na vilitofautiana kwa namba tu, kuanzia I hadi X. Mfuko wa mchezaji ulibeba vitu 150. Ulipojaa, alilazimika kukaa akivibadilisha kimoja kimoja kuwa malighafi. Aliyetaka kuwa nahodha wa chombo cha angani alijikuta akiwa karani wa bohari.

Watungaji waliyasikia malalamiko. Katika mchezo wa pili, wa mwaka wa 2010, walifyeka karibu kila kitu. Bunduki zikawa chache, kila moja ikiwa na tabia yake, vipuri vikaondolewa, na uimarishaji ukafanywa kwa utafiti katika maabara ya chombo, kwa kutumia madini yaliyosakwa katika sayari. Mchezo ulienda kasi, lakini fundi ndani ya mchezaji alikosa kazi. Wapo waliosema dawa ilizidi ugonjwa, nami nakubaliana nao kwa sehemu.

Suluhisho lilipatikana mwaka wa 2012 katika mchezo wa tatu. Kila bunduki iliruhusiwa kufungwa vipuri viwili tu, na bunduki iliyonunuliwa mapema iliweza kupandishwa ngazi badala ya kutupwa. Zaidi ya hayo, kila silaha ilipewa uzito. Aliyejitwika bunduki nzito alichelewa kurejewa na nguvu zake nyingine za ajabu. Aliyebeba bastola moja nyepesi alizitumia mara kwa mara. Hapo mchezaji hakuuliza tena ni bunduki gani yenye tarakimu kubwa. Alijiuliza yeye ni mpiganaji wa aina gani.

Fallout 4, uliotoka mwaka wa 2015, uliipitia njia nyingine ambayo ingemfurahisha fundi yeyote wa jua kali pale Kamukunji. Mchezaji huokota takataka, kwa mfano feni mbovu ya mezani, akazivunja kupata skrubu, kisha akaitumia skrubu hiyo kubadilisha mtutu, kitako au darubini ya bunduki yake. Anaweza hata kuipa silaha hiyo jina. Feni ambayo kwingine ingekuwa pambo la chumba huwa mali, na bunduki huwa na historia anayoijua mwenyewe.

Tuje kwenye suala la fedha. Mnamo Novemba 2017, mchezo wa Star Wars Battlefront II wa kampuni ya EA ulizua hasira duniani kote kabla hata haujaanza kuuzwa rasmi. Nguvu za mpiganaji zilitegemea kadi zilizopatikana ndani ya masanduku ya bahati nasibu, na masanduku hayo yangeweza kununuliwa kwa pesa halisi. Kampuni ililazimika kuusimamisha uuzaji huo mara moja. Mwezi wa Aprili 2018, tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya aina hiyo katika michezo kadhaa, ikiwemo FIFA 18, yalikuwa kamari iliyokiuka sheria. Msomaji atakumbuka kwamba FIFA ndiyo iliyojaza vibanda vyetu kwa miaka mingi. Katika nchi ambayo kamari ya michezo imekwisha kuwatafuna vijana wengi, kuuza nguvu za silaha kwa bahati nasibu ni jambo ambalo mtungaji mwenye heshima hapaswi kulifikiria.

Hapa Kenya wapo waliothubutu kutunga. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka angani huivamia Nairobi. Huo ni mchezo wa kufyatua risasi hasa, lakini ulionyesha kwamba hadithi za aina hii zaweza kutendeka katika barabara tunazozijua.

Atakayefuata nyayo hizo akaongeza ufundi wa silaha, aanze kwa kuifikiria benchi ya Kangemi. Mchezaji wake huenda ana nusu saa tu ya kulipia. Ndani ya muda huo apate angalau kipuri kimoja kinachobadilisha jambo analoliona: risasi inayopenya ukuta, au mtutu mfupi unaofaa vyumbani lakini usiofika mbali. Kipuri kifunguke na kurudi mfukoni bila hasara, kwa kuwa anayeogopa kupoteza hatajaribu chochote.

Aidha, mashine ya kibanda ni ya wote. Anayeketi baada yako anaweza kuendelea na mhusika wako, akauza bunduki uliyoijenga kwa wiki nzima au akafuta kumbukumbu yote. Njia rahisi ya kulikabili hilo ni msimbo mfupi ambao mchezaji anaunakili kwenye simu au hata kwenye karatasi, kisha siku ya pili anauandika na kuipata silaha yake ilivyokuwa, awe amerudi kibanda kile kile au amevuka barabara ya Waiyaki hadi kingine.