Figa Moja Haliinjiki Chungu

Zamani kwetu, moto ukizimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, wala hakuna aliyeona haya. Nilidhani desturi hiyo imekufa tulipohamia Nairobi, kila nyumba na stovu yake.

Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba, lita ya mafuta ya taa jijini ilipita shilingi 202. Maharagwe, yatakayo moto wa saa nyingi, yakatoweka kwangu. Tukawa watu wa sukuma wiki, maana huiva upesi.

Jioni moja jirani, tuliyekaa mlango kwa mlango miaka sita kwa salamu tu, akabisha hodi.

"Mama, maharagwe ninayo, makaa sina."

"Makaa ninayo kidogo," nikamjibu.

Tukainjika sufuria moja, tukala nyumba mbili. Tangu hapo, kila Jumamosi hupika kwa zamu.

Msomaji, siusifu ughali, bado wanikondesha. Lakini aibu ya kuomba moto nimeiacha.